Galaksi Iliyopumzika Jumapili

Risala ya Klabu ya Masikio kwa mgeni rasmi, siku ya kukabidhiwa Cheti cha Ugunduzi

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu, na wenzetu mliokaa juani,

Kwanza tunaomba radhi kwa sauti. Spika hazifanyi kazi. Fundi amewaambia waya umekatika. Waya haujakatika, Mheshimiwa. Sisi ndio tuliomwomba azime, na sababu yake tutaisema kabla hatujamaliza. Msomaji wetu ana sauti ndogo. Darasani akiulizwa swali hujibu ndani ya kola ya sare. Ofisi ilimchagua yeye asome leo kwa sababu kila mtu anajua kwamba husoma kilichoandikwa na haongezi neno. Ni kweli, hataongeza neno. Ila karatasi aliyopewa na ofisi ina ukurasa mmoja, na hii ina kurasa sita, na zote zimeandikwa. Walio nyuma tunaomba msogee.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu. Tumefagia uwanja mara tatu tangu jana. Mawe ya njiani tumeyapaka chokaa, na miti tumeipaka chokaa mpaka kiunoni. Vyoo vya wageni vimefunguliwa, hata sisi tumevijua leo. Ukuta ulio nyuma yako haujakauka vizuri, tunaomba usiuegemee na hilo koti.

Utaona mezani kwako kuna glasi na hakuna maji. Mpishi asilaumiwe. Hilo nalo tutalieleza.

HISTORIA YA KLABU

Klabu yetu ilianza miaka miwili iliyopita, wasichana kumi na mmoja na mwalimu mmoja wa fizikia. Sisi tunamwita Mwalimu Waya, na yeye anajua. Mfukoni mwake hukosi kipande cha waya. Akitoa leso, waya unatoka nayo. Siku ya kwanza alituuliza, "Nani hapa anapenda kuangalia nyota?" Wote tukanyoosha mikono. Akasema, "Poleni. Mimi nafundisha kuzisikiliza, tena mchana."

Antena zetu mbili ziko juu ya paa la bohari, pale, nyuma ya hema lako. Nguzo zake ni miti ya madeki ya kusafishia sakafu, nyaya zake zilitoka kwenye uzio wa zamani. Chombo cha kupokea tulikiunda kutoka kwenye televisheni mbovu ya chumba cha walimu, na kinatumia betri ya gari. Mwishoni kuna kalamu. Kalamu imelala juu ya karatasi ndefu inayovutwa polepole na mota ya saa ya ukutani. Kalamu ikisikia kitu inapanda. Isiposikia inalala. Basi, ni hivyo tu. Wanaosema tuna mitambo ya kisasa hawajawahi kupanda kule juu.

Kitu tulichokuwa tunakitafuta ni galaksi redio. Wazazi wengi wametuuliza nyumbani ni kitu gani, na tukijibu wanasema haya, endeleeni kusoma. Tunaomba tujaribu tena leo.

Galaksi ni nyota nyingi mno zilizokusanyika pamoja, kama hii tunayoishi ndani yake. Katikati ya baadhi ya galaksi kuna shimo jeusi, zito kuliko majua mamilioni. Vitu vinapolizunguka na kutumbukia, sehemu yake haitumbukii. Inarushwa nje kwa nguvu, michirizi miwili, mmoja huku na mmoja kule, mirefu kuliko galaksi yenyewe. Michirizi hiyo ni plazma, yaani gesi iliyovunjikavunjika mpaka elektroni zake hazina pa kushikamana. Elektroni hizo zinakimbia karibu sawa na mwanga. Njiani zinakutana na nguvu ya sumaku, nayo inazipindisha, zinakwenda zikizunguka kama uzi kwenye skrubu. Kila zikipindishwa zinatoa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yanasafiri, yanasafiri, na galaksi tunayoitafuta sisi iko mbali kiasi kwamba yanayotufikia leo yaliondoka huko kabla mnyama yeyote hajatembea nchi kavu.

Mwalimu Waya alituambia hivi, na tuliandika kwenye madaftari: elektroni inayokwenda moja kwa moja bila kuguswa haitoi kitu. Inayopindishwa ndiyo inayosikika.

MAFANIKIO

Hapa, Mheshimiwa, ukurasa wa ofisi unasema tuligundua galaksi redio kwa antena za madeki. Ndiyo maana umekuja, na cheti tunakiona hapo, kina fremu nzuri.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwanzoni mwa muhula huu, kila siku saa nne na dakika kumi asubuhi, kalamu ilianza kupanda. Ilichora kilima, ikakaa juu kama dakika arobaini, ikashuka. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Tulikuwa tunashikana mikono kule juu, kalamu ikipanda. Mwalimu Waya alitaka tusubiri, Mkuu wa Shule hakutaka. Siku ya wazazi akasimama akatangaza kwamba mabinti zake wamesikia galaksi. Wazazi mkapiga makofi. Kuna mama alilia. Habari ikafika ofisini kwako.

Siku za Jumapili kilima hakikuja. Hatukushtuka. Kwenye karatasi ya kila Jumapili tuliandika neno moja pembeni: mawingu. Mwalimu akasaini. Tukazikunja tukaziweka chini ya meza.

Halafu ikaja Jumanne moja hakuna chai. Mpishi alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko wake, akasema, "Msinitazame mimi. Hakuna maji. Babu wa Pampu ana homa." Kule juu ya paa kalamu ilikuwa imelala. Jumatano hakuna maji, kalamu imelala. Alhamisi Babu wa Pampu akarudi kazini, amevaa sweta mbili, akawasha pampu saa nne na dakika kumi kama kawaida yake, ili Mpishi apate maji ya chai. Kalamu ikapanda.

Mwenzetu anayetunza daftari akasema polepole, "Jamani. Galaksi imepona homa."



Tulimwambia Mwalimu Waya. Alikaa chini pale paani, kwenye bati la moto. Kisha akasema twende. Tukashuka wote mpaka kibanda cha pampu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Mbona wengi hivi? Mmekuja kunipa pole au kunikagua?"

"Babu," Mwalimu akasema, "tunaomba uwashe kidogo, halafu uzime."

"Kwani nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu, babu. Washa tu."

Mwenzetu mmoja alibaki paani, mwingine akasimama kwenye ngazi kupokezana maneno. Babu akawasha. "Imepanda." Akazima. "Imelala." Akawasha. "Imepanda." Mara saba. Mara ya saba yule wa paani hakuita tena, alinyoosha kidole tu.

Mota ya ile pampu imechakaa ndani, inatoa cheche. Cheche nazo zinatoa mawimbi ya redio. Kalamu yetu haiwezi kutofautisha cheche ya kibandani na michirizi ya galaksi. Saa ndiyo inayotofautisha. Dunia inajizungusha na wakati huohuo inalizunguka jua, kwa hiyo kitu chochote cha angani, mbali kule, kila siku kinafika dakika nne mapema kuliko jana. Kinachofika saa nne na dakika kumi leo, na kesho, na keshokutwa, kinafuata saa ya mtu. Tulilijua hilo. Lilikuwa kwenye mtihani wa katikati ya muhula na wote tulipata. Tukaja paani tukalisahau kwa furaha.

Babu wa Pampu alijifuta mikono, akamwangalia Mwalimu.

"Sasa niambieni ukweli. Ile nyota yenu mliyowatangazia wazazi ndiyo hii mota yangu?"

"Ndiyo, babu."

"Na mimi siku ile nilipiga makofi."

"Wote tulipiga, babu."

"Basi mngeniita jukwaani," akasema.

Hayo ndiyo mafanikio, Mheshimiwa. Tuligundua kwamba pampu ya shule inahitaji mota nyingine.

CHANGAMOTO

Mkuu wa Shule, utusamehe. Tunasema kilichosemwa.

Mwalimu Waya alikwenda ofisini siku ileile. Sisi tulikuwa barazani na madaftari ya kusahihishwa, na dirisha la ofisi halifungi vizuri.

"Mwalimu, nani mwingine anajua?"

"Wasichana kumi na mmoja, na Babu wa Pampu."

"Basi ni wachache."

"Mkuu, siyo galaksi ile."

"Kalamu ilipanda au haikupanda?"

"Ilipanda."

"Basi. Mimi nilisema imepanda. Wageni wameshaalikwa, Mwalimu. Unataka niwaandikie waje kuangalia pampu?"

Tulisikia kiti kikisogezwa. Mwalimu akasema, "Wakija kwa pampu watakuwa wamekuja kwa kweli." Mkuu akasema mlango ufungwe.

Mwalimu aliandika barua ya ukurasa mmoja. Ilieleza kosa, jinsi tulivyolikuta, na kwamba tunaendelea kutafuta. Alituambia asiyetaka asisaini, hatachukia. Tukasaini wote kumi na mmoja chini ya jina lake. Barua hiyo iliandikwa kwako, Mheshimiwa. Aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe mpaka ofisini kwako, akarudi na nakala. Nakala ina muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA. Ina tarehe. Tunayo hapa, na atakayetaka kuiona tutampa aishike.

Siku kumi na sita baadaye zilikuja bahasha mbili kwa tarishi mmoja. Moja ilisema klabu yetu itapewa Cheti cha Ugunduzi na wewe mwenyewe utakuja kukikabidhi. Nyingine ilikuwa ya Mwalimu Waya. Amehamishwa kwa manufaa ya kazi, aripoti mara moja. Yuko shule ya msingi, anafundisha mwandiko darasa la kwanza. Huko hakuna fizikia. Tunaambiwa anawafundisha vizuri, herufi zao zinasimama wima.

Mweka daftari wetu alizishika barua zote mbili dirishani, moja juu ya nyingine, kwenye mwanga. Sahihi ni moja. Mkia wa herufi ya mwisho unapinda mahali palepale.

Labda ulisaini nyingi siku ile. Tumejaribu kufikiri hivyo. Tumejaribu wiki nzima, kila mmoja kwa wakati wake, na tukikutana hatuulizani tumefika wapi.

Siku anaondoka alikuwa na begi moja. Alituachia kipima umeme chake na koleo. Tulimsindikiza mpaka getini tu, kwa sababu kengele ilikuwa imegonga na zamu ilikuwa ya mwalimu mkali. Akasema, "Zile karatasi za Jumapili msizitupe."

Mwenzetu akamuuliza, "Si tuliandika mawingu?"

"Mawimbi ya redio yanapita kwenye mawingu kana kwamba hayapo. Niliwafundisha mimi, halafu nikasaini mimi. Kosa la mawingu ni langu, nyinyi msilibebe."

Akaenda. Waya ulikuwa unaning'inia mfukoni.

Ilituchukua siku nne kuzigusa karatasi zile. Tulikuwa na hasira nazo. Siku ya tano tukazitoa chini ya meza, tukazifuta vumbi, tukazikunjua sakafuni mmoja mmoja akishika pembe. Siku za kazi shule hii ina kelele nyingi kwa kalamu yetu: pampu, mashine ya kunakili ya ofisini, taa zinazowakawaka za ukumbi. Jumapili vyote vimezimwa. Babu wa Pampu hafanyi kazi Jumapili. Karatasi zilikuwa nyeupe, mstari umelala tangu asubuhi mpaka jioni.

Haukuwa umelala wote. Jumapili ya kwanza, saa tisa na dakika arobaini na mbili mchana, kulikuwa na kitu. Kidogo sana, kama mtu aliyejifunika shuka na kulala. Jumapili ya pili kilikuwepo, saa tisa na dakika kumi na nne. Ya tatu, saa tisa kasoro dakika kumi na nne. Ya nne, saa nane na dakika kumi na nane. Baada ya hapo, kwa aibu ya pampu, Jumapili nne hatukupima. Karatasi ya tano, ya Jumapili iliyopita, tuliyoipima peke yetu baada ya Mwalimu kuondoka, saa sita kasoro dakika mbili.

Tunaomba wenzetu mliokaa juani mfanye hesabu. Kutoka Jumapili moja mpaka nyingine ni dakika ishirini na nane. Wiki ina siku saba. Saba mara nne. Zile wiki tano za mwisho ni mara tano yake.

Ilikuwa inakuja siku zote, Mheshimiwa. Ilikuwa inakuja Jumapili baada ya Jumapili, na sisi tunaiandikia mawingu, kwa sababu ilikuwa ndogo na tulikuwa na kilima kikubwa cha kupigiwa makofi. Michirizi ile iliyotoka mbali vile, elektroni zile zilizopindishwa zikazunguka, mawimbi yale yaliyosafiri muda wote ule, yalifika kwenye miti ya madeki ya shule yetu yakatukuta tunashangilia pampu.

Mwalimu Waya hajaiona. Simu haturuhusiwi, na barua tuliyomwandikia ilipaswa kupita ofisini kwanza, na haijapita. Aliyetuambia tusizitupe ndiye peke yake ambaye hajui kilichokuwa ndani.

MAOMBI

Ukurasa wa ofisi una maombi tisa. Kuna la uzio, kuna la basi. Ni mazuri, na Mkuu wa Shule atayasema mwenyewe. Sisi tuna moja.

Kabla ya hilo, kuhusu cheti. Hatuwezi kukipokea. Kimeandikwa tarehe ya kilima cha saa nne na dakika kumi, na kazi yote ya kilima kile aliifanya Babu wa Pampu. Tumezungumza naye. Amesema kama hakuna ubishi atakipokea yeye. Amekaa pale mwisho wa safu ya tatu, amevaa shati alilovaa kwenye harusi ya mwanawe. Alisema, "Mimi tangu nianze kazi sijaitwa jukwaani, na mota nimeibembeleza miaka tisa." Tunaona anastahili.

Ombi letu: mrudishe Mwalimu Waya. Uhamisho ulisainiwa na mkono mmoja, na mkono huo uko hapa leo, umeshika kalamu ya kusaini kitabu cha wageni. Hatuombi asifiwe. Hatuombi mtu aaibishwe, ingawa tumeaibishwa. Tunaomba arudi mtu aliyetufundisha kwamba ukikosea unaandika umekosea, unaweka jina chini, na unaipeleka barua mwenyewe. Kama hilo ni kosa la kumhamisha mtu, basi tunaomba tuambiwe waziwazi, ili tujue tufundishwe nini kingine.

Sasa ile sababu tuliyoahidi. Leo ni Ijumaa. Kutoka Jumapili iliyopita ni siku tano, siku tano mara nne ni dakika ishirini. Galaksi itapita juu ya bohari saa tano na dakika thelathini na nane. Tulitaka shule iwe kimya kama Jumapili. Ndiyo maana fundi amezima spika. Ndiyo maana katibu ameacha kunakili, na taa za ukumbi hazikuwashwa. Ndiyo maana glasi yako haina maji: Babu wa Pampu amezima tangu saa tatu, kwa hiari yake, na Mpishi amekubali kulaumiwa mpaka dakika hii.

Risala hii tumeipima kwa saa mara nne. Kama hukutukatiza, sasa ni saa tano na nusu. Zimebaki dakika nane. Ngazi za bohari ni ishirini na mbili, na ya kumi na nne imelegea, ukanyage pembeni. Kalamu iko tayari na karatasi ni mpya.

Isipopanda, tutakuwa tumekosea mara ya pili. Tutaandika hivyo, tutasaini wote kumi na mmoja, na tutaileta ofisini kwako kwa miguu, tusubiri muhuri.

Ikipanda, itapanda kidogo tu. Itabidi uiname.

Mungu akutunze, Mheshimiwa, akurudishe salama kwa watu wako, na akupe magoti mazuri kwa ngazi zetu. Awape wazazi wetu subira na sisi. Amtunze Mwalimu wetu huko aliko, na watoto wake wa mwandiko.

Ni sisi,
Klabu ya Masikio,
wasichana kumi na mmoja, na kiti kimoja kitupu paani ambacho tumekifuta vumbi.